Manjano Hayapakwi Machoni

Shemeji yangu alimfunua dada yangu shela... akamtazama usoni... akarudi nyuma kama mtu aliyekanyaga kaa la moto!

Kisha akageuka, akatoka mbio.

Mbio, jamani! Na kanzu yake, na joho lake, kilemba kimeanguka hapo mlangoni. Akaturuka sisi wanawake tuliojazana kizingitini. Viatu hakuvaa.

Vigelegele vikakatika.

"Anakwenda wapi huyu?"

Nani amjibu nani? Ndoa ilikuwa imefungwa msikitini muda si mrefu, baada ya Alasiri. Bwana harusi kaja kumpa mkono mkewe, jambo la dakika chache, halafu watu wale pilau. Sasa tunamwona anakata kona ya Kasingirima pekupeku, kanzu kaishika mkononi!

Ndani, dada yangu Hasna akasema kwa sauti ndogo sana:

"Ameziona mvi zangu."

Naitwa Hidaya, mzaliwa wa Ujiji. Habari hii nimekaa nayo kifuani kitambo. Jana kwenye grupu moja la WhatsApp nikaona mtu anatangaza kopo lilelile. Lilelile! Chini kaandika, "Ni mitishamba tu, haina madhara." Nikatupa simu kitandani, nikalia mpaka kwikwi. Halafu nikaiokota, nikaanza kuandika. Waliokuja kutafuta vichekesho wapite tu, leo sina.

Turudi nyuma kidogo.

Ulikuwa ule mwaka wa 2015, Burundi ilipochafuka. Watu walijaa ufukweni Kagunga, kule mpakani, mpaka mchanga hauonekani. Wakawa wanaletwa Kigoma kwa meli na kwa maboti, wanalala uwanja wa mpira wakisubiri kupelekwa kambini. Kipindupindu kikaingia katikati yao. Na sisi watu wa Ujiji mnatujua, ndugu zetu wako Buyenzi, wako Rumonge. Hapakuwa na nyumba isiyo na mgeni.

Kwetu alikuja Mamdogo Hadija, binamu yake Mama.

Kule Buyenzi, Bujumbura, alikuwa somo, mfunda wali, mwenye jina lake. Mwali wa watu akipita mikononi mwake, mji mzima unajua. Aliyemvusha kutoka Kagunga ni Luqman mwenyewe, mchumba wa dada, aliyekuwa nahodha wa boti pale Kibirizi. Miezi ile alikuwa habebi dagaa wala mawese, anabeba watu. Akamleta Mamdogo mpaka kwetu, mkoba wake kauweka begani.

Mkoba ule ulikuwa na nini? Nguo? Wapi! Udi, liwa, manjano, na makopo ya dawa za Kichina alizokuwa akiuza kule mjini. Mwanamke amekimbia risasi, ameacha hata picha za wanawe, kabeba kazi yake!

"Nikifika na hii, sitakuwa ombaomba," alituambia.

Tukampenda palepale. Na Mama akasema, "Mungu kaniletea somo wa mwanangu."

Sasa niwaambie kuhusu dada.

Hasna alikuwa ameshavuka thelathini. Mzuri, mcheshi, akicheka unacheka hata kama hujui anachekea nini. Ila mvi zilimwahi. Kwa baba ndivyo walivyo, wanaota mvi mapema. Zilimjaa hapa mbele na huku juu ya masikio, na siku zote alikuwa ndani ya ushungi, hata sisi nyumbani tulikuwa hatuzioni ovyo.

Luqman alikuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa. Mama yake Luqman hakulipenda jambo hilo, na mdomo wake haukuwa na pazia.

"Mwanangu anaoa shangazi yake," alisema sokoni, watu wakacheka. Dada akaletewa maneno.

Kwetu asubuhi ya baada ya harusi, wanawake wa upande wa mume wanakuja kumwosha bibi harusi nywele. Wanamfumua, wanamwosha, wanamfukiza udi. Dada alikuwa akiifikiria asubuhi hiyo kuliko harusi yenyewe!

"Mama mkwe ataniona, Hidaya. Atakwenda kumwambia Luqman, 'Umeoa bibi.' Ataniacha."

"Si upake piko?"

"Umesahau Idd?"

Nilikuwa sijasahau. Idd alipaka piko kuzitia weusi, uso ukamvimba, macho yakafumba. Piko na yeye ikawa basi.

Mamdogo Hadija akamsikiliza mpaka mwisho. Akavua mtandio wake. Nyie! Mwanamke wa miaka sitini, nywele nyeusi tii mpaka shingoni.

"Umeziona? Hizi sijapaka kitu. Nakunywa."

Akatoa kopo. Lina maandishi ya Kichina, na picha ya mzee mwenye ndevu nyeusi. Ndani ni unga wa mizizi, mweusi mweusi hivi.

"Wachina wanaota mvi wakiwa wazee kabisa, kwa sababu ya hii. Mizizi tu, mwanangu. Si kemikali."

Na hakumuuzia, alimpa. Kitu pekee alichookoa kwenye maisha yake, akampa dada yangu bure, kwa mapenzi. Naomba mlishike hilo.

Dada akawekwa ndani.

Kwetu mwali akiwekwa ndani, anakaa mwezi na zaidi. Pazia limeshushwa, taa ndogo, jua halimpigi. Anasingwa asubuhi na jioni: liwa, manjano, mafuta. Anayeingia ni somo peke yake. Msichana asiyeolewa kama mimi haingii, na mama mzazi ndiyo kabisa, haruhusiwi kumwona mwanawe mpaka siku ya harusi. Mimi nilikuwa nakaa nje ya mlango, tunaongea na dada kupitia upenyo.

Mwanzoni tunacheka. Ananisimulia mafunzo ya somo, mengine siandiki hapa.

Halafu akaanza kupoa.

"Dada, mbona kimya?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka na nini, na wewe unalala kutwa?"

Nikamsikia anajigeuza kitandani.

Migebuka ya mawese, samaki wetu wa ziwani, anaipenda kufa. Sahani ikawa inatoka kama ilivyoingia. Mama akauliza, Mamdogo akacheka:

"Mwali mlafi umemwona wapi? Aibu hiyo. Mwanao anaona haya."

Kisha kuwashwa.

"Hidaya, mwili unaniwasha. Viganja, nyayo... najikuna mpaka nataka kulia."

"Singo hiyo," Mamdogo akasema. "Ngozi ya zamani inatoka."

Siku moja akatapika. Mama akapiga yowe, maana mji mzima ulikuwa na hofu ya kipindupindu cha Kagunga. Mamdogo akatoka akamtuliza, "Tumbo haliendeshi, dada, tulia. Dawa inasafisha nyongo."

Mimi ndiye niliyekuwa namwaga ndoo. Mkojo wake ulikuwa mweusi, kama chai ya rangi iliyolala. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama.

"Mama, haja ndogo ya dada si ya kawaida!"

Mama akamwendea Mamdogo. Mamdogo akajibu bila wasiwasi kabisa, "Uchafu unatoka." Mama akatulia. Angefanyaje? Chumbani haingii, na aliyemo ndani ni mtu aliyewaweka ndani wali mia!

Kisha ikaja ile sifa.

Mashoga zake walioolewa waliruhusiwa kuchungulia. Wakatoka wameshika midomo.

"Mashaallah! Hasna anang'aa!"

"Kawa dhahabu!"

"Somo wa Buyenzi ni noma!"

Mtaa mzima ukaimba hivyo. Na kweli alikuwa wa dhahabu. Uso, shingo, mikono. Kila siku anapakwa manjano, kila siku anaoshwa, na kila siku rangi inazidi kukolea. Mama alikuwa anajifuta machozi ya furaha jikoni.

Mvi peke yake ndizo zilizogoma. Harusi inakaribia, mizizi ya nywele bado myeupe. Mamdogo akamwongezea kijiko.

Basi, ndiyo tukafika siku ile. Luqman amefunua shela. Luqman amekimbia.

Kaka yetu Swaibu alikuwa uani kwenye masufuria. Alipoambiwa, mishipa ilimtoka shingoni.

"Amemwacha dada yetu mbele ya watu? Leo atanijua!"

Akaondoka na vijana. Mama yake Luqman naye, badala ya kunyamaza:

"Mimi si nilisema? Mwanangu kaona mwenyewe!"

Mama yangu akamrushia kawa ya kufunikia pilau. Harusi ikawa vurugu, watoto wanalia, pilau inaungua.

Mimi nikaingia chumbani. Sasa mila ya nini tena? Dada alikuwa amekaa kitandani vilevile alivyoachwa, shela limefunuliwa, hina mpaka viwikoni, machozi yanachora mistari kwenye poda.

"Alinitazama, Hidaya. Akanichukia palepale. Nimemwona usoni."

"Mvi ziko ndani ya shela, dada. Hajaona kitu!"

"Ameziona."

"Dada..."

"Mwambie simlaumu."

Yalikuwa maneno yake ya mwisho ya akili timamu. Baada ya hapo akaniuliza kama bibi ameshakula. Bibi yetu alifariki mimi nikiwa darasa la pili. Akaanza kuvutavuta shela kwa vidole kama anachambua mchele. Akaongea maneno hayashikani. Kisha akalala, na shela lake, na bangili zake.

"Mwacheni apumzike," wanawake wakasema. "Uchungu huo. Kaachwa."

Nikamtikisa. Akafungua mdomo, hakufungua macho.

Huko barabarani, Swaibu na wenzake wakalikuta gari linakuja kwa kasi kutokea uwanjani walikolala wakimbizi. Luqman yumo mbele. Hawakuuliza. Wakalizuia, wakamtoa kupitia dirishani. Wakampiga mateke, wakampiga na fimbo. Mwenzake aliyekuwa naye garini anapiga kelele, "Mimi ni daktari! Nakwenda kwa bibi harusi!" Nani anamsikia? Mpaka mkono wa Luqman ulipolia *kaa!* ndipo mmoja wao akashtuka.

"Swaibu, ngoja kwanza. Huyu kasema daktari?"

Walipofika nyumbani, Luqman kanzu yake ilikuwa damu tupu, mkono unaning'inia. Hakumtazama mtu. Akaelekea chumbani.

Dokta Nikodemu, kijana mmoja mpole aliyekuwa akiwatibu wakimbizi, akasimama mlangoni akasema:

"Ondoeni hilo pazia."

Likaondolewa. Jua la jioni likaingia chumba kile kwa mara ya kwanza tangu dada awekwe ndani. Daktari akamfungua dada kope kwa kidole gumba.

Jamani... jicho lake lilikuwa kama kiini cha yai.

"Hii nini?" akauliza.

"Manjano, baba," Mamdogo akajibu. "Tulikuwa tunampaka."

"Mama yangu... manjano hayapakwi machoni."

Siku zote zile watu wamesifia, na hakuna aliyemwangalia macho. Kwenye giza lile, ungeyaonaje? Na mwali anafundishwa kutazama chini!

Luqman ndiye aliyeyaona, dada alipoinua uso kumtazama. Alishawahi kumbeba mgonjwa kwenye boti yake, mzee mmoja kutoka Kagunga, macho manjano hivyohivyo. Yule mzee alifariki kabla hawajakiona Kibirizi. Ndiyo maana alipofunua shela alipatwa na hofu hata ulimi ukagoma. Hospitali zilikuwa zimefurika. Daktari aliyemjua ni huyo mmoja, na huyo akiwa kwenye mahema hapokei simu. Akaona amfuate kwa miguu yake.

Hakumkimbia dada. Alikuwa anamkimbilia!

Tukampeleka hospitali ya mkoa. Vipimo vikarudi, Dokta Nikodemu akatuita kando.

"Ini lake limeacha kazi. Uchafu umepanda mpaka kwenye ubongo, ndiyo maana hazinduki. Amekuwa akinywa nini?"

Mama akamgeukia Mamdogo. Mamdogo akatoa kopo kwenye mkoba. Bado anabisha:

"Hii si sumu! Nainywa miaka kumi! Tazameni!"

Akachota unga kwa kiganja, akautia mdomoni, akaumeza mkavu mbele yetu.

Daktari hakumfokea. Alipiga picha kopo, akamtumia mwenzake anayejua mambo hayo. Baadaye akatueleza taratibu, tumekaa kwenye benchi.

"Huu ni mzizi ambao Wachina wanauita he shou wu. Wanautumia kwa nywele tangu zamani. Kuna mtu anaunywa maisha yake yote asipate kitu, kama mama huyu. Na kuna mtu ini lake linaukataa. Huwezi kujua wewe ni yupi kwa kuutazama, wala kwa kumtazama jirani aliyeunywa."

"Kwa hiyo dada yangu..."

"Lake lilikataa. Siku chakula kilipomshinda, mwili ulikuwa unasema. Wengi wakiacha hapo, wanapona."

Nikakumbuka kijiko alichoongezewa. Mamdogo naye alikumbuka, maana alikaa chini sakafuni palepale.

Swaibu akauliza swali lililokuwa linamuua:

"Daktari, kama tusingewachelewesha barabarani?"

"Ini lisingerudi. Lakini pengine mngemkuta macho."

Swaibu akatoka nje. Tulimsikia anavyolia.

Luqman alikaa kando ya kitanda, mkono kwenye plasta. Muda wote anarudia neno moja, "Hasna, nimerudi. Hasna, nimerudi." Dada hakumsikia. Kama alisikia, basi hakutuonyesha.

Alifariki Jumanne, adhuhuri inaadhiniwa.

Tulimleta nyumbani. Wanawake wakamwosha. Maji yalipita juu ya hina yake ambayo ilikuwa haijapauka hata kidogo. Nilipotoka nje ya chumba cha kuoshea, Luqman alikuwa amesimama pale anasubiri.

"Shemeji, niambie ukweli. Kabla hajalala... alijua nimekwenda wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kaniuliza ukweli, na alikuwa mume wa dada yangu.

"Hapana, shemeji. Alidhani umemkimbia."

"Kwa nini nimkimbie?"

"Alidhani umeziona mvi zake."

Akanikazia macho kama mtu anayesemeshwa Kichina.

"Mvi zipi?"

"Hakuwahi kukuambia? Dawa yote ile ilikuwa ni kwa ajili ya mvi, mama yako asizione, usije ukamwacha."

Kisha akaomba aingie. Ni mkewe, hakuna aliyemzuia. Nikamfunulia kitambaa kichwani. Nywele tulikuwa tumezisuka mikia mitatu kama inavyotakiwa, na mvi zake zote ziko palepale, nyeupe, hata moja haikugeuka.

Luqman akazishika kwa mkono wake mzima. Ndiyo mara yake ya kwanza kuziona nywele za mkewe.

"Ni hizi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Hizi tu?"

Akainama akazibusu, akaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima, mpaka waliokuwa uani wakisoma Kurani wakaacha.

Jeneza hakuweza kulibeba, kwa ule mkono. Swaibu akabeba upande wake, anatembea kichwa chini mpaka makaburini.

Mngedhani yameisha. Hayajaisha!

Matanga hayajaanuliwa, shoga mmoja wa dada, mmoja wa walewale waliosema kawa dhahabu, akamsogelea Mamdogo jikoni. Mimi naosha vyombo, nasikia kwa masikio yangu.

"Mamdogo, samahani kwa wakati huu... ile ya nywele, imebaki? Maana wewe umeinywa mbele ya daktari na mzima."

Nyie! Sufuria lilinitoka mkononi!

Mamdogo akaenda chumbani, akatoka na makopo yote. Kitu alichokibeba kutoka Buyenzi kupita risasi na mawimbi. Akayamwaga chooni moja baada ya jingine, akayaponda na jiwe, akarudi kukaa mkekani. Hakuweka mwali tena mpaka leo. Nikimtembelea huwa ananishika mkono tu, tunalia wote.

Kwa hiyo mnaoniambia "dada, ni asili", "dada, mimi natumia na sina shida", nawaelewa. Mamdogo Hadija naye hakuwa na shida.

Kama unakunywa dawa ya kopo, ya mizizi, ya Mchina, ya Msukuma, yoyote ile, na ukaona chakula kinakushinda, unachoka bila sababu, unawashwa, mkojo unakuwa mweusi... acha siku hiyohiyo. Nenda hospitali na kopo lako mkononi. Mwonyeshe daktari, usione haya.

Na nyie mnaoweka mwali ndani, sisemi mila iachwe. Msingeni, mpakeni, mfundisheni. Ila watu wakianza kumsifia kwamba anang'aa, mtoeni nje kidogo, mwinueni uso, mumwangalie macho yake kwenye jua.